TAHADHARI: Barakoa za gesi za kukodi Kawah Ijen, na madalali wa "moto wa bluu uhakika"

Kwa anayepanga kupanda volkano ya Kawah Ijen, mashariki mwa kisiwa cha Java, Indonesia: kati ya barakoa za gesi zinazokodishwa pale Paltuding njia inapoanzia, na zile ambazo madalali wa Bali, kisiwa jirani, wanasema "zimo kwenye bei", zimo ambazo hazizuii gesi yoyote. Ni pambo la usoni.

Ziwa lililo ndani ya kasoko (shimo la volkano kileleni) ni tindikali kali, na kando yake matundu yanatoa moshi wa salfa usiku na mchana: salfa dioksidi pamoja na haidrojeni salfaidi. Upepo ukigeuka, aliye chini hana muda wa kukimbia, maana njia ya kutokea ni mawe matupu na mwinuko. Machi 2018 gesi ilifumuka kwa wingi, makumi ya watu wakapelekwa hospitali.

Kabla hujatoa hela, ishike barakoa mkononi uangalie rangi ya ukanda kwenye kebe la kichujio. Kwa alama za Ulaya, njano yenye herufi E ni ya salfa dioksidi, kijivu yenye B ni ya gesi kama haidrojeni salfaidi. Unazihitaji zote mbili, na kebe lililoandikwa ABEK linazo. Kahawia peke yake, yaani A, ni la mafundi wa kupuliza rangi, salfa inapita. Nyeupe ni la vumbi tu, sawa na barakoa za kitambaa au za hospitali wanazouziwa watu pale. Lebo ikiwa imekwanguliwa, rudisha, usibishane.

Hata aina ikiwa sahihi, kuna suala la uchakavu. Mkaa wa ndani ukishashiba gesi haufanyi kazi tena, na kebe likishafunguliwa linanyonya unyevu hata likitundikwa tu. La kukodi linavaliwa usiku baada ya usiku, kisha linapanguswa nje ling'ae. Litikise: chembe zikichezacheza, mkaa umelegea na hewa inapenya pembeni yake. Halafu bandua kifuniko cha mbele, uone kile kipande chembamba cha mpira kinachofunga tundu la kutolea pumzi. Kikiwa kimejikunja au hakipo (na mara nyingi ndicho cha kwanza kupotea), kila ukivuta pumzi unavuta moshi usiochujwa.

Ikipita hapo, ivae, kaza mikanda, ziba makebe kwa viganja na uvute pumzi taratibu. Inatakiwa inywee, ikamate uso na ibaki hivyo kwa sekunde 10 hivi. Ndevu zinaharibu jaribio hili, nyoa kabla ya safari. Macho nayo yanahitaji miwani inayoziba pande zote.

Pua usiiamini. Haidrojeni salfaidi ikizidi inaua uwezo wa kunusa, kwa hiyo harufu ya mayai viza inaweza kutoweka hatari ikiwa inapanda. Salama zaidi ni kwenda na barakoa yako na makebe yaliyofungwa, uyafungue ukiwa mlimani.

Sasa madalali. "Moto wa bluu uhakika" ni uongo wa mchana: ni gesi ya salfa inayowaka, inaonekana gizani tu, na njia ya kushuka kasokoni hufungwa gesi inapozidi. Piga hesabu ya muda pia. Saa ya Bali iko mbele ya Java kwa saa moja. Ukichukuliwa Denpasar, Bali, saa 5 usiku, Java ni saa 4 usiku. Weka mwendo wa saa 4 hivi hadi Gilimanuk, bandari ya kivuko cha kwenda Java, karibu saa 1 ya kivuko, saa 1 na nusu ya barabara: unafika Paltuding saa 10 na nusu alfajiri. Bado kilomita 3 za kupanda hadi ukingoni. Utakuta jua limechomoza, na hela harudishi mtu.

Kabla ya malipo ya awali, dai kwa maandishi: aina ya kichujio, saa ya kufika Paltuding kwa saa za Java, na kiasi utakachorudishiwa kasoko likifungwa. Akijibu "barakoa zetu nzuri tu", tafuta mwingine.