Nimelipia nota za piano za Mario, nikaletewa ngoma

Jamani mimi si mtu wa kulialia mitandaoni na sitaki kumharibia mtu riziki yake, jina simtaji, ila hili jambo limenikaa kooni tangu kabla ya mvua na nisipolitoa hapa nitalitoa kwenye mazoezi ya kwaya, na kule si mahali pake.

Iko hivi. Kuna kaka mmoja hapahapa Dar anaandika nota za miziki ya magemu kwa ajili ya piano peke yake, bila bendi bila nini, unamtajia gemu na muziki unaoutaka anakutumia PDF. Nikaagiza miwili, yote ya Super Mario Bros ile ya 1985, kazi ya Koji Kondo: ule wa juu ya ardhi, Mario anapokimbia na kugonga matofali kwa kichwa, na ule wa majini. Sisi tuliokulia na zile TV gemu za kaseti ya njano, imeandikwa magemu 9999 kumbe ni machache tu yanajirudia, hiyo miziki ipo kwenye damu. Elfu arobaini kila mmoja, hela yote mbele, nikarusha kwa simu, akajibu "pamoja sana dada". PDF ya kwanza, ya ule wa matofali, ikaingia hata daladala haijafika Mwenge. Nikashuka, nikaprinti palepale kwenye duka la steshenari, nikaenda home na raha zangu.

Nakaa kwenye kinanda. Mwanzo wa huo muziki kila mtu anaujua hata kama hajui kama anaujua, E, E, E, C, E, halafu G. Juu E, chini yake F shapu (F iliyopandishwa nusu hatua), besi D. Hiyo F shapu ndo inaupa ule mshtuko wa kuanza, kama mtu kakufungulia mlango ghafla, halafu ikifika G kila kitu kinatulia na tunaingia kwenye C safi. Sasa mimi nimefika kwenye C safi na mkono wa kushoto bado unapiga F shapu. Sio ileile, nyingine ya chini huko, imening'inia chini ya mstari wa mwisho wa besi, tena na tena na tena, baa baada ya baa (vile vipande vya muziki kati ya mistari ya wima), haibadiliki hata muziki ukibadilika. Mlio wake sijui nielezeje, unaharibu kila kitu. Na kati ya hizo F shapu kuna C za chini kabisa, kiasi kwamba kuna sehemu kidole changu kidogo kiko kwenye hiyo C na gumba linatakiwa liwe kwenye G iliyo okteva moja na nusu mbele, kwa mkono uleule, kwa wakati mmoja. Nani ana mkono huo? Na ukurasa umejaa vialama vya kunyamaza, vidogovidogo vya nusu ya nusu ya nusu, kama sisimizi wamemwagiwa sukari.

Nikajipa moyo, nikasema labda ni ngumu kwa sababu ni kazi ya kitaalamu. Nikamwandikia kwa adabu zote, kaka samahani, naona mkono wa kushoto kama haupigiki, unaweza kuangalia? Akanitumia voice note. Nimeisikiliza mpaka nimeikariri. "Dada, hapo tatizo mkono wako mdogo, halafu wewe umezoea nota za kwaya, hii ni piano."

Nota za kwaya!!

Naomba nisimame hapa kidogo. Hiyo kwaya anayoidharau ina sauti nne, soprano, alto, tenor, besi, na mimi nazibeba zote nne kwa mikono hii miwili midogo kila Jumapili, na watu wanaimba, na Padre hajawahi kulalamika. Ile mashine ya Nintendo ya wakati ule ilikuwa na njia tano za sauti. Mbili za juu za mlio ule wa kukwaruza, moja laini ambayo wanaigeuza besi, moja ni kelele tupu ya shhh shhh ndo wanatengenezea dramu, na moja ya vipande vilivyorekodiwa. Zinazotoa nota za muziki huu ni tatu. Tatu! Kwaya yangu ina nne. Yaani mtu kachukua muziki wa sauti tatu, akaupeleka kwenye piano ya funguo 88 na vidole kumi, na bado kaniletea kitu hakipigiki, halafu kosa ni mkono wangu.

Aliyenifumbua macho ni kijana anayepiga dramu kanisani kwetu. Hajui kusoma nota hata moja. Nilikuwa kabla ya mazoezi najaribu mkono wa kushoto peke yake, zile F shapu na C na D za chini, polepole nikitafuta maana yake, akapita nyuma yangu na kiti mkononi akasema, "We, si unapiga biti hiyo?" Akaweka kiti chini akaanza kupiga kwenye paja, inalingana. Inalingana yote!

Kumbe. Wanaotumia MIDI, yale mafaili yanayoiambia kompyuta ipige nota zipi, mnajua, dramu zinakaa kwenye njia ya kumi na kila ngoma imepewa namba ya nota. Ngoma kubwa ya kukanyaga ni 36, ndogo ni 38, toazi la mguu likiwa limefungwa ni 42. Sasa ukiidanganya kompyuta kwamba hiyo njia nayo ni piano, 36 inakuwa C, 38 inakuwa D, na 42 inakuwa nini? F shapu. Ndo ile ya kwangu. Kaka wa watu kachukua faili la MIDI la mtu mwingine huko, kakusanya njia zote na dramu humohumo akazimwaga kwenye piano, akabonyeza kuhifadhi, akala elfu arobaini. Hakuisikiliza hata mara moja, maana mwenye masikio angesikia. MuseScore, programu ya kuandikia nota, ni ya bure, faili la MIDI ningelifungua mwenyewe nyumbani huku nasubiri wali uive.

Nikamwambia. Nikamwelekeza mpaka baa. Unajua alijibu nini? "F shapu ipo kwenye original dada, sikiliza vizuri." Na hapo ndo presha ilipanda kwa sababu ni kweli ipo! Ipo mwanzo pale, ya juu, ile tamu. Yaani kaikuta F shapu moja ya halali akaitumia kuzitetea zote za haramu. Nikamtumia voice note nikampigia zote mbili, ya juu na ya chini, mtoto mdogo angesikia tofauti. Tiki za bluu, kimya. Baadaye sana anakuja na "marekebisho ni elfu ishirini".

Kwa hiyo nyota ni moja, na hiyo moja ni kwa sababu hapa hawaruhusu sifuri. Msiende. Ndo nilivyoandika mwanzo, na nilikuwa napost hivyohivyo.

Tatizo ni ule wa majini. Niliuacha kwenye bahasha siku nyingi kwa hasira, sikutaka hata kuuona. Juzi nikautoa ili niongezee ushahidi. Wakuu, ni mzuri. Naandika hili nimebana meno. Ule ni waltz, moja mbili tatu, moja mbili tatu, na kauandika kama mtu aliyewahi kukaa kwenye piano kweli, besi kwenye moja, kodi ndogo (nota zinazopigwa pamoja) za karibu kwenye mbili na tatu, sauti ya pili kaipa gumba la mkono wa kulia ikawa inapita chini ya melodi bila kuisumbua. Kaandika mpaka namba za vidole. Na muziki wa gemu hauna mwisho, ukifika mwisho unarudi mwanzo mpaka ufe au umalize levo, sasa kwenye karatasi lazima mtu atunge pa kuishia, na yeye katunga, baa chache tu zinapanda na kupungua, zinaingia mulemule kama Kondo kaziandika mwenyewe. Ule wa matofali kumbuka unaisha katikati ya sentensi, pap, karatasi imeisha.

Sasa ndo hasira zimekuwa mbili. Angekuwa hajui ningemsamehe, nimesamehe wasiojua wengi tu mjini hapa. Huyu anajua! Mkono uleule unaoweza kuandika ule wa majini ndo umenimwagia ngoma kwenye mkono wa kushoto na kuniambia nina vidole vifupi. Na ule mzuri unapigika kwa mkono wangu huuhuu, hakuna ninaponyoosha zaidi ya okteva, kwa hiyo udogo wa mkono umeisha lini?

Nyota basi sijui. Ule wa majini nne, ningempa tano kama asingeitaja kwaya. Ule wa matofali hamna kitu. Ukimwagiza, mwambie mapema akurekodie sauti anaupiga mwenyewe kwa mikono yake miwili, hata simu tu, hata vibaya, na usirushe hela yote kabla hujasikia. Na kama gemu lako lina dramu nyingi, tafuta mtu mwingine.

Elfu ishirini ya marekebisho sitoi. Elfu arobaini ya ule wa kwanza naidai, akipita hapa anajijua, na namba yangu anayo.