Garratt ya Reli ya Milimita 89 au ya 127?

Anayetaka kujenga mfano wa kichwa cha mvuke cha daraja la 59 cha Reli ya Afrika Mashariki, Garratt (vichwa vya sehemu tatu, boila ikiwa katikati ya injini mbili) zilizoundwa Manchester na ambazo moja, namba 5918 Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi, hana budi kuamua kwanza upana wa reli. Kwa kuwa reli yenyewe ilikuwa ya mita moja, milimita 127 humpa kipimo cha takriban 1 kwa 8, yaani mfano wa karibu mita 4, ilhali milimita 89 humpa 1 kwa 11, usiofika mita 3.

Mkubwa huvuta abiria bila kuyumba, ila boila yake ya shaba nyekundu hula fedha, na kuusafirisha ni kazi ya trela. Mdogo hufunguliwa vipande vitatu ukabebwa.

Kwenye rangi, hata hivyo, mkubwa husamehe zaidi. Damu ya mzee, rangi ya vichwa hivyo, ikipakwa nzito kwa brashi, herufi za vibao vya jina vya mfano mdogo humezwa kabisa. Hapo hapana ujanja ila kupuliza matabaka membamba, kila moja likauke na kusuguliwa kwa msasa laini wa maji. Binafsi ningeanza na mdogo, kwa sababu ya mgongo wangu.