TAHADHARI: Anayejiita "Ustadh" wa ziara za Jumba la Mtwana na Msikiti wa Kongo ni mwizi

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Mombasa. Kuna mtu anauza ziara ya siku moja: asubuhi Jumba la Mtwana kule Mtwapa, mchana kuvuka feri ya Likoni, alasiri kuswali Msikiti wa Kongo, Diani. Anajiita Ustadh. Msimpe hata senti. Jumamosi katuacha ng'ambo ya Likoni na jua la saa nane, akina mama watu wazima, akaondoka na vyakula, misala, misahafu, dawa za Bi Mkubwa, mzee wetu, na bahasha ya sadaka.

Wale wa darsa letu mnaijua nadhiri ya Bi Mkubwa na mnajua kwa nini ilikuwa lazima iwe Kongo, sirudii. Wasiojua, ule ni msikiti wa karne nyingi, wa mawe ya matumbawe na chokaa, uko chini ya mibuyu pale mto unapoingia baharini, na hadi leo watu huswali ndani na wengine hutoka mbali kwenda kuomba dua. Hatukuwa tunakwenda kupiga picha. Tulianza kuchanga mfungo mosi, kidogo kidogo, wengine kwa pesa za mahamri na viazi karai.

Sasa kila mtu ananiuliza, "Mlimwaminije?" Sikilizeni basi alivyokuja.

Alikuja nyumbani baada ya swala ya Alasiri, kanzu nyeupe imepigwa pasi. Akapiga hodi, akasimama kando ya mlango asitazame ndani, mpaka kaka akatoka kumkaribisha barazani. Akaletewa kahawa, akaipokea kwa mkono wa kulia, bismillahi. Bi Mkubwa hamwamini mtu hivi hivi, akamjaribu: je, safari hii tutakusuru swala, yaani kuzifupisha kama wasafiri? Akajibu papo hapo, "La, mama yangu, Diani haifiki masafa ya kukusuru. Tutaswali kamili." Jibu sahihi! Bi Mkubwa akanitazama, nikajua amekubali. Na bei yake haikuwa ya bure ya kutia shaka. Shilingi 3,500 kwa kila mtu, ndani yake nauli, kiingilio, mwongozaji na pilau ya mchana. Akasema tulipe nusu tu, iliyobaki siku ya safari. Tapeli gani anakataa pesa? Bi Mkubwa ndiye aliyesema achukue zote, kwamba jambo la nadhiri halifai kubaki na deni. Akaandika risiti kwa mkono, akagonga muhuri, akaomba dua ndefu. Tuliitikia amin sote.

Siku ya safari gari lilifika Makadara saa moja na nusu badala ya saa moja. Tulipakia mikeka, misala mipya, katoni ya misahafu, na birika mbili za chai kwa sababu Bi Mkubwa hanywi chai ya nje. Kapu lake la dawa za sukari likawekwa chini ya kiti cha mbele. Bahasha ya sadaka ya msikiti alikuwa nayo yeye mwenyewe, mpaka huyu bwana alipomwambia, "Mama, Likoni kuna vibaka, iweke kwenye kapu, dereva hatoki garini." Maneno ya busara, au sivyo? Mtu yeyote wa mji huu angesema hivyo hivyo.

Langoni pa Jumba ndipo alipotutia mkono wa kwanza. Makumbusho ya Taifa siku hizi hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, hawapokei noti. Akashuka na simu yake, akazungumza na askari kwa mbali, akarudi anajifuta jasho: malipo aliyofanya usiku yamekwama, mtandao umegoma, tumchangie tena haraka alipe upya, atarudishiwa yale ya kwanza na sisi atatupa taslimu tukifika Diani. Nyuma yetu basi la wanafunzi lilikuwa linapiga honi. Tukamtumia, kila mtu na simu yake, kwa M-Pesa. Nimekwenda kuuliza Jumatatu. Kwa kundi letu siku ile yalifanyika malipo ya mara moja tu, pale pale langoni. Usiku hakulipa kitu chochote.

Ndani alijifanya mwanachuoni. Jumba palivyo wengi mnapajua: misikiti minne na nyumba nne bado zinatambulika, mibuyu imeota katikati ya kuta, na ukishuka chini unakutana na ule Msikiti wa Bahari, mawimbi yanasikika ukiwa umesimama kiblani. Kuna chumba kinachosemekana kilikuwa cha wanawake kuswalia, nasi tukakaa hapo kidogo tukifikiria mama zetu wa zamani waliokaa hapo hapo. Kisha akatupeleka kwenye kaburi lililo nje ya kibla, lile lenye maandishi ya Qur'ani. Akaweka kidole hewani akifuata herufi bila kugusa jiwe, akasoma kwa sauti, "Kullu nafsin dhaaiqatul maut." Kila nafsi itaonja mauti. Sauti ikamkatika. Akatoa kitambaa akajifuta macho! Shoga yangu wa Kibokoni akalia naye.

Mtu anasoma aya ile mbele ya kaburi, akijua saa chache zijazo atamwibia mwanamke mgonjwa wa sukari dawa yake. Hilo ndilo lisiloniacha nilale.

Likoni tulifika baada ya Adhuhuri. Foleni ya magari imejaa, watu wamebanana. Akageuka kwenye kiti cha mbele: "Mama zangu, hapa sheria ni sheria, abiria hushuka wakavuka kwa miguu. Mizigo iacheni, mtaibebaje mikeka kwenye umati huu? Gari litawafuata feri ya pili." Sasa niambieni, nani wa Mombasa angeshangaa? Tangu utotoni tunashushwa pale tunavuka kwa miguu, na tangu ule mkasa wa 2019 wa gari kuteleza baharini hakuna mama anayetaka kukaa ndani ya gari kwenye feri. Tulishuka wenyewe.

Akaja nasi. Alimshika Bi Mkubwa mkono, pole pole, akawasukuma vijana wapishe: "Nafasi kwa mzee jamani!" Akamfikisha mpaka kwenye feri yenyewe, akamtafutia pa kuegemea kwenye chuma. Halafu akajipapasa mfuko wa kanzu, huu, na huu, akapiga ulimi: "Tiketi ya gari ninayo mimi, dereva atakwama. Nangojeni ng'ambo, msisogee." Akaruka nje mlango unaanza kuinuka. Na feri ilipoondoka, wallahi, alisimama akatupungia mkono. Tukampungia na sisi.

Tulikaa ng'ambo penye wauza machungwa. Ikaja feri ya pili, ya tatu, magari yanashuka, tunasimama tunaangalia kila gari jeupe. Nikapiga simu: mteja hapatikani. Dereva: mteja hapatikani. Mpaka Alasiri ikaadhiniwa tuko pale, Bi Mkubwa midomo imemkauka, kijana mmoja wa bodaboda ndiye aliyemletea maji na mkate, Mungu amlipe. Kongo hatukuiona. Tulirudi kisiwani kwa feri ile ile, hakuna aliyesema neno.

Na nyumbani badala ya pole tukakutana na vicheko. "Akina mama mmezidi matembezi." "Mngewauliza watoto wenu." Mimi sikubali maneno hayo. Ziara si matembezi, na aliyefanya aibu hapa ni mwizi. Anayetucheka sisi anamsaidia yeye, kwa sababu najua kuna kundi jingine, la Majengo kama sikosei, lilifanyiwa vivyo hivyo likanyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Wangesema mapema sisi tungekuwa salama.

Huyu mtu akamatwe. Apelekwe jela ya Shimo la Tewa, si mbali na hapo Jumba anapotolea machozi yake ya uongo, akae ndani ajifunze maana ya aya aliyoisoma. Taarifa tumeandikisha kituoni na nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, tunayo. Ujumbe wa M-Pesa tuliutuma 456 kuomba pesa zirudishwe, lakini alikwisha kuzitoa kwa wakala siku ile ile. Kaka zangu wanamtafuta, nimewaomba wakimpata wampeleke polisi wasimguse. Bi Mkubwa yeye amesema hataki polisi wala pesa, anataka kisomo. Halbadiri, kile kisomo cha kumwapiza mwizi, itasomwa. Kama ana mama, kama ana watoto, kama ana mtu anayempenda, amwambie arudishe kabla ya Ijumaa, kwa sababu ikishasomwa haisomoki kinyume.

Mtaniuliza alama zake. Ni mwembamba, mrefu wa wastani, ana sauti nzuri. Namba ninayo, anayeitaka aje inboksi. Jina linalotokea kwenye M-Pesa si lake, ni la mwanamke. Alisema ni laini ya mkewe. Kitambulisho cha uongozaji alichovaa shingoni kilikuwa na picha na bendera tu, hakina nambari yoyote. Mwongozaji wa kweli ana leseni ya serikali, mwambie akuoneshe, hilo nimeambiwa baada ya kuibiwa. Gari halikuwa na ule mstari wa manjano wa magari ya abiria, wala jina la kampuni.

Na historia yake ni ya uongo. Alituambia Jumba lilibomolewa na Wareno. Mpwa wangu anasoma historia, aliposikia akashika kichwa: mji ule ni wa karne ya 14, na watu walikwisha kuuhama mwanzoni mwa karne ya 15. Vasco da Gama kafika Mombasa 1498. Wareno wangembomolea nani? Mwongozaji wa makumbusho aliyekuwa na wale wanafunzi alikuwa anaeleza vingine kabisa hatua chache kutoka kwetu, na huyu bwana alikuwa anatuharakisha kila tukimkaribia.

Jambo jingine, tena hili dereva wa tuktuk ndiye aliyenizindua: barabara ya Dongo Kundu iko wazi. Gari linakwenda Kusini mwa pwani bila kugusa feri. Mtu mwenye gari lililojaa wazee na mizigo, kwa nini awapeleke Likoni mchana wa Jumamosi? Alituhitaji tushuke. Basi. Akikwambia ni lazima feri, na mizigo ibaki, usishuke.

Misahafu yetu yote imeandikwa kwa kalamu ya kijani ndani ya jalada, "Waqfu, Msikiti wa Kongo". Misala ni ya rangi ya maruni, mipya, bado ina karatasi. Ukiletewa dukani au mlangoni wiki hii kwa bei ya kutupa, mshike anayeuza na utuite. Ile ni mali ya waqfu, haiuziki wala hainunuliki, na sisi tutaifikisha ilikokuwa inakwenda.