Miezi minne na baiskeli isiyo na friwili, hapa Mtwara

Niliinunua mtumba, fremu ya chuma, rangi ya bluu imechubuka shingoni. Muuzaji alisema nyepesi, na kweli nyepesi. Siku ya kwanza naelekea Shangani, nikaacha kukanyaga kama nilivyozoea, pedeli ikanipandisha goti hadi nikainuka kwenye kiti. Haina friwili, kile kifaa kinachoacha gurudumu lizunguke huku pedeli zimetulia. Sproketi ya nyuma, yaani gia ya meno inayovutwa na cheni, imefungwa moja kwa moja kwenye habu, kitovu cha gurudumu: gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka. Hakuna kupumzisha miguu.

Tena ilikuja bila breki hata moja. Nikafunga ya mbele siku hiyohiyo, na ninamsihi kila anayesoma hapa afanye hivyo. Unapopunguza mwendo uzito unakuja mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi na kuteleza, kwa hiyo miguu peke yake haitoshi ukikatiziwa njia na bodaboda.

Kupunguza mwendo kwa miguu nilijifunza alfajiri, barabara ikiwa tupu. Pedeli ya nyuma inapopanda, unailemea. Mwanzoni niliilemea kwa nguvu zote mara moja, baiskeli ikashtuka na magoti yakauma siku mbili. Baadaye nikaelewa ni kama kuteremsha ndoo kisimani: kamba huikazi, wala huiachii. Unaanza mbali, kidogo kidogo, kila mzunguko unapunguza kidogo, na unapofika kwenye tuta umeshatulia.

Mikindani ndiko nilikofunzwa hasa. Ni kama kilomita 10 kutoka mjini, na barabara ikianza kushuka kuelekea ghuba, mwendo ukishakutoroka huurudishi kwa miguu. Nilikuwa na meno 46 mbele na 16 nyuma, yaani pedeli mzunguko mmoja, gurudumu karibu mizunguko mitatu. Miguu ilikimbia hadi nikawa nadunda kwenye kiti. Sasa naamua mwendo kabla mteremko haujaanza, na nyuma nimeweka meno 18. Tambarare naenda polepole zaidi, lakini kushuka miguu inasikia ninachoiambia.

Kubadilisha sproketi ndiko kulikoniponza. Ringi inayoizuia isifunguke hukazwa kwa kuzungusha kushoto, kinyume cha nati nyingi. Fundi niliyempelekea hakuizoea, akaiacha imelegea. Karibu na eneo la Bima nikalemea pedeli, zikarudi nyuma bure, mwendo uleule, na mbele yangu lori la korosho limesimama. Breki ya mbele ndiyo iliyonisimamisha, hatua mbili tatu kutoka kwenye bampa. Mikono ilitetemeka mpaka nyumbani. Tangu hapo ringi naikaza mwenyewe, na kila Jumapili naijaribu kwa spana.

Kuburuza tairi la nyuma kama vijana wanavyopenda nilijaribu, nikaacha. Tairi lililika sehemu moja mpaka nyuzi zikaonekana.

Cheni usiikaze kama waya, iache icheze kidogo katikati. Ikilegea sana inaruka, na ikiruka miguu haina tena cha kuzuia. Ukivaa kanga au suruali pana, funga upande wa cheni, maana pedeli hazikungoji ujinasue.

Kwa anayebeba gunia au abiria nyuma, siishauri kabisa. Kwa mtu mmoja wa kwenda kazini na kurudi, mwenye breki ya mbele na subira ya wiki mbili tatu, naipa nyota nne.