Sulwe: kitabu cha picha cha kusoma barazani Tanga

Kwa watoto wa miaka 4 hadi 7, Sulwe cha Lupita Nyong'o, kilichochorwa na Vashti Harrison (2019), ni pa kuanzia mazungumzo ya rangi ya ngozi. Hakisimulii ubaguzi wa Mzungu kwa Mwafrika. Kinagusa ule wa majumbani, ambao mitaani Tanga, kama Ngamiani na Chumbageni, hupita kama utani: "wee cheusi", "mweusi kama chungu".

Sulwe ni mweusi kuliko mama, baba na dada yake, basi anajisugua kwa kifutio. Simama hapo hapo. Uliza, "Kwa nini anajifuta?" kisha nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi 10. Wakubwa wengi hukimbilia kusema "sote ni sawa". Mtoto anafunga mdomo, na uwanjani utani unaendelea.

Roho ya kitabu ni Usiku na Mchana, dada wawili. Usiku anasusa kwa kusemwa vibaya, jua halizami tena. Mtoto anayelijua jua la Tanga la saa nane hahitaji maelezo.

Kasoro? Kurasa hizo zimekolea buluu na zambarau. Chini ya taa hafifu michoro haionekani. Soma asubuhi, watoto wasizidi 6. Maneno ni mengi kwa wa miaka 3, hao wasimulie kwa picha.

Kisha wachore nyuso zao. Changanya rangi ya maji nyekundu, njano na nyeusi tone moja; nyeusi ikizidi, wote wanatoka masizi.