Sungura kanasa kwenye ulimbo, sisi tukanasa kwenye joto: thieta ya watoto hapa Mombasa

Jumamosi iliyopita nliwavusha wanangu watatu feri kutoka Likoni, pamoja na binti ya dadangu ambaye yuko sekondari, tukaenda mjini kuona mchezo wa watoto. Sio sinema, sio bembea, mchezo wa jukwaani kabisa, watu wazima na akili zao wamevaa mikia. Jina la kikundi siliweki hapa manake nina ya kuwasifu na nina ya kuwasema, na mimi nikianza kusema sipimi, wenyewe wakisoma watajijua.

Sisi wa Mombasa ukitaja thieta mtu anafikiria Little Theatre Club, na kwa akili zetu yale ni mambo ya wakubwa, ama anafikiria drama za shule. Na drama za shule nimezicheza mimi mwenyewe, hayo mashindano yako tangu 1959, kijana wangu wa kwanza naye sai yumo kwenye shairi la darasa zima, kutwa anapiga kelele nyumbani na mikono juu. Lakini ukikaa ukafikiri, kule mtoto ndo anayefanya kazi na mkubwa ndo anayetazama, tena mkubwa mwenyewe ni jaji ana kalamu. Halafu kuna vile vikundi vya setbuku, vitabu vya mtihani, vinavyozunguka masekondari, hio nayo ni mtihani umevishwa nguo. Mchezo ambao mtu mzima anatoka jasho ili mtoto wa miaka mine acheke, basi, bila maksi bila cheti, huo nlikua sijauona hapa kwetu. Ndo nikaenda.

Tiketi 200 mtoto, 300 mkubwa, unatuma kwa M-Pesa ama unalipa mlangoni. Kwa Mombasa hii si ghali, watoto wangu wanakula zaidi ya hio kwa viazi karai na barafu tukitembea Mama Ngina.

Tangazo lilisema saa tano. Sisi saa tano kasorobo tuko mlangoni, nimewaamsha watoto alfajiri, feri kwa miguu ni bure lakini foleni yake unailipa kwa roho. Mlango umefungwa. Saa tano ikapita, na robo ikapita, mziwanda wangu ashamaliza mabuyu yote na mdomo mwekundu kama amekula tambuu. Mchezo umeanza saa sita kasoro dakika kumi! Kijana wa mlangoni nikamuuliza "mwanangu, kwani kuna nini?", akacheka, akaniambia "mama tulia, watu bado wanakuja." Watu wanakuja wapi na sisi tuliokuja ni nani? Mkubwa unaweza kumuweka kwenye jua nusu saa akachezea simu yake, lakini mtoto unayemchosha mlangoni unaingia naye ndani ashanuna, na hio kazi ya kumnunua upya inamuangukia yule msanii.

Na alimnunua, hapo lazima niseme haki.

Kabla mchezo wenyewe haujaanza, Fisi alitoka na kinyago chake mkononi. Uso wa mtu kabisa, kijana mwembamba. Akakaa chini mkekani na wale wadogo, akawapa kinyago wakishike, wakitie vidole machoni, halafu akakivaa polepole mbele yao, akakivua, akakivaa tena. Wangu wa miaka mine ni muoga ajabu, mbuzi wa jirani tu anamkimbiza. Lakini Fisi alipokuja kunguruma baadaye hakulia, alinishika tu mkono akasema "mama, ni yule kaka." Wallahi hapo nlijua hawa watu wanawajua watoto.

Hadithi ni ile ya kisima tuliyopigiwa na bibi zetu, kiangazi kimeingia, wanyama wanachimba kisima, Sungura akakataa kuchimba na usiku anakuja kuiba maji. Sasa hawa wameigeuza kidogo. Sungura haibi ili anywe, anaiba akatie kwenye jerikeni za njano, anapanga kwenye mkokoteni, halafu asubuhi anawauzia walewale waliochimba! Mkokoteni ulipoingia ukumbi mzima ulicheka, wakubwa kuliko watoto, manake hapa mtoto anajua bei ya jerikeni kabla hajajua a e i o u. Sungura anaita kwa Kimvita safi, "ndooni wanangu, ndooni, maji matamu ya mfereji!", Fisi ambaye ndo mlinzi na anaongea kama askari wa kanjo akaonja, akatema, akawageukia watoto, "haya maji ni ya mfereji ama ya kisima?" Weee. "Ya chumviiii!" Binti yangu wa miaka saba alisimama juu ya kiti.

Na vitu vyao ni vya nyumbani tu. Kisima ni leso mbili za buluu zimeshikwa na watu wawili wanazitikisa, gamba la Kobe ni karai, lile kubwa la mahamri. Kobe anapakwa ulimbo mgongoni, anajificha ndani ya leso, Sungura anakanyaga, mguu umenasa, anapiga kwa mkono, mkono umenasa, anapiga kwa kichwa, kichwa kimenasa. Kila kiungo kikinasa ngoma inapiga mara moja, duu! Hawana muziki wa kurekodiwa, kuna mzee mmoja na tari na kijana wa msondo, wamekaa pembeni wanaangalia miguu ya wasanii wasikose pigo. Watoto wangu wamezoea katuni za tableti zinazobadilika kila sekunde mbili na hakuna hata mmoja aliyeuliza itaisha saa ngapi.

Kuna kitu kimoja lakini kilinipiga. Mwanzo kabisa mama msimulizi alipoita "Paukwa!" waliojibu "Pakawa!" ni mabibi wa viti vya nyuma. Watoto kimya, wanatazama mama zao. Yule mama hakupita hivi hivi, akasimamisha kila kitu, akawafundisha kuitikia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu mpaka paa likatikisika, halafu ndo akaendelea na kaondokea chanjagaa. Mimi nlijiona mjinga kidogo nikaangalia viatu vyangu.

Halafu adhana ya adhuhuri ikalia, msikiti uko ukuta kwa ukuta. Sungura yuko katikati ya kunaswa, mguu mmoja juu. Wakaganda vilevile, wote, leso zimesimama, tari kimya. Watoto wakaanza kucheka wakanyamazishwa, mwisho nao wakaganda, na wangu mdogo ameinua mguu kama Sungura anayumbayumba mpaka muadhini akamaliza. Sijui kama walipanga ama walishtukizwa, ila hakuna aliyeharibu. Duu! Wakaendelea.

Sasa ya kuwasema.

Joto. Feni ziko mbili, moja inazunguka na nyengine ni pambo. Madirisha wamefunga ili kuwe na giza, mchana wa saa sita, Mombasa. Watoto wa mbele kwenye mkeka walikua wamelowa kama wametoka kuogelea. Giza lenyewe la nini na mchezo wenyewe wa kisima cha mchana? Fungueni madirisha ndugu zangu. Viti ni vya plastiki vya wakubwa, mtoto akikaa nyuma anaona shungi na kofia, kwa hio fika mapema mtoto akae mkekani ama umpakate. Spika waliiweka kwa ajili ya msimulizi peke yake lakini imefunguliwa kama ya harusi, mtoto mchanga mmoja alilia mpaka mamake akatoka naye na hakurudi.

Choo kimoja kwa ukumbi mzima, na hakina maji. Nimekaa nikaangalia mchezo dakika hamsini kuhusu maji ya kisima halafu nimempeleka mtoto chooni hakuna hata kata moja. Sungura angekuwepo pale na mkokoteni wake angetajirika.

Ndo nikamwambia yule kijana wa mlangoni wakati wa kutoka, nyinyi mkiwa juu ya jukwaa mnajua mtoto ni nani, mkishuka mnasahau. Akaniambia "pole mama, ukumbi si wetu, tunakodi." Hapo nikalegea kidogo, manake ni kweli, hawana pao. Shemeji yangu yuko London huwa anawapeleka wanawe Unicorn Theatre, hio ni ya watoto na vijana tu, nikienda kusoma habari zake nikakuta walianza 1947 wakizunguka na malori, jengo la kujengewa wao wenyewe wamelipata 2005. Miaka 58! Basi hawa wetu tuwape muda, lakini muda hauzuii mtu kununua ndoo ya maji na kata.

Mchana saa nane kulikua na mchezo mwengine wa vijana, huo aliuangalia binti ya dadangu na mimi nikachungulia nusu. Sitaki kuuzungumza sana. Ni kijana na muguka, yale majani ya kutafuna. Tangu ile amri ya kaunti ya Mei 2024 ya kupiga marufuku muguka, naona kila mwenye kipaza sauti ana la kuwaambia vijana kuhusu muguka, na huu mchezo umeandikwa kama mkutano wa chifu. Kijana mbaya anatafuna, kijana mzuri anasoma, mama analia, polisi anakuja, mwisho wote wanapanga mstari wanatuambia tuache. Ukumbi ulikua na watoto wa sekondari labda thalathini, katikati nikahesabu kumi na wawili wako nje kwa muuza mihogo. Nikamuuliza binti vipi, akasema "anti, hakuna mtu anaongea hivyo." Kwisha. Na ni kikundi kilekile! Asubuhi hawakumwambia mtoto yeyote kwamba wizi ni mbaya, walimnasa tu Sungura kwenye karai na watoto wakafahamu wenyewe. Kwa nini mtoto wa miaka mine aaminiwe kufikiri na wa miaka kumi na sita asomewe hotuba? Kuna sehemu moja tu ilikua na uhai, wavulana wawili wamekaa kibarazani wanabishana nani ataenda dukani, hawasemi chochote cha maana na unaona wamekosa kazi na siku haiishi. Dakika tatu hivi. Wangetengeneza mchezo mzima pale kibarazani mimi ningekaa mpaka magharibi.

Kwa anayepanga kwenda: wa asubuhi nenda, kuanzia miaka mitatu mpaka kumi hivi, kijana wangu wa kumi na moja alijifanya hataki lakini ndo aliyecheka kushinda wote. Beba maji yenu, ya kunywa na ya chooni. Beba kipepeo cha kujipepea. Usiende na njaa ukitegemea pale, ndani hawauzi kitu, ila nje kuna mama wa kachri na juisi ya ukwaju, juisi yake baridi haswa na haibani pesa. Tuktuk kutoka Posta haikosekani. Usiende saa tano, enda saa tano na nusu, nami naandika hivi nikijua kwamba sote tukifanya hivyo hawataanza saa tano maisha.

Wa mchana, subirini wauandike upya. Dunia nzima ina siku ya thieta ya watoto na vijana, kila tarehe 20 Machi, labda mpaka Machi ijayo watakua wamewakumbuka hao vijana.

Jioni kwenye feri mziwanda akashika nguzo akakataa kushuka, "nimenasa! nimenasa!", watu wanatusukuma kwa nyuma, mabegi, baiskeli, askari anapiga filimbi. Ikabidi kakake apige duu kwa mdomo ndo akaachia. Tangu siku hio karai langu la mahamri silioni jikoni, liko uani limefunikwa leso. Nishatuma hela ya tiketi tano za Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baba yao naye anakuja, amesema anataka kumuona huyo Kobe aliyemnyima mahamri wiki nzima.