TAHADHARI: "Dokta wa nywele" anayetuma seti kwa basi hadi Kange

Wanatanga wenzangu, na majirani wa Muheza, Pangani na Korogwe, kuna mtu anauza "seti ya kuotesha nywele" kupitia stetasi za WhatsApp na Instagram. Chupa ya mafuta, chupa ya shampuu na kikopo cha poda ya kuchanganyia, jumla shilingi 95,000. Anajiita dokta. Mimi kanipiga 160,000 na ngozi ya kichwa juu yake. Nilikuwa nimenyamaza kwa aibu, ila juzi nimesikia kina mama wawili hapahapa Makorora wanachangishana wanunue seti moja wagawane, nikaona aibu yangu haina faida kwa mtu.

Nilijifungua mwaka jana mwezi wa nane. Mtoto alipofika miezi mitatu, nywele zikaanza kunyonyoka. Nikichana tu, kitana kinatoka na bonge la kujaza kiganja. Huku mbele, juu ya paji la uso na pembeni ya masikio, kulishaanza kuwa kweupe tangu zamani kwa ajili ya rasta. Mimi ni mtu wa rasta ndogondogo za kubana, zile ambazo siku mbili za mwanzo hulali na unameza Panadol. Shoga yangu akanitumia stetasi ya huyo bwana, nikaingia mwenyewe kwa miguu yangu.

Kilichonivuta ni picha ya kabla na baada. Mwanamke kakaa kwenye kiti cha plastiki, kajifunga kanga. Upande mmoja upara wa mbele unang'aa, upande wa pili nywele zimejaa tele. Chini imeandikwa "baada ya miezi 6". Picha hiyo nitairudia.

Nilipomtafuta aliniuliza maswali matatu: jina langu nani, niko mkoa gani, nalipia kwa mtandao upi. Basi. Hakuuliza kama naumwa kitu, hakuuliza nywele zimeanza kutoka lini, na hakuuliza kama nanyonyesha. Mtoto alikuwa analia nyuma kwenye simu, anamsikia, wala hakuuliza.

Mzigo niliufuata stendi ya Kange, 5,000 ya basi juu yangu. Mafuta yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, mazito, yananuka karafuu na kafuri. Lebo imeandikwa "Minoxidil 20%", yaani jina la dawa ya kweli ya kuotesha nywele. Maelekezo kayatuma kwa sauti: paka kichwa kizima kutwa mara tatu, osha kwa shampuu kila siku, povu liache nusu saa ukiwa umejivika mfuko wa plastiki. Nikafanya kama nilivyoambiwa. Mume wangu alikuwa akiniona na mfuko wa Rambo kichwani anatoka nje akacheke barazani.

Wiki ya pili kichwa kikaanza kuwasha. Ya tatu vikatoka vipele, vikapasuka, vikawa vinatoa maji. Asubuhi nikiamka foronya imeng'ang'ania kisogoni, mpaka niilowanishe ndipo itoke. Na nywele zinakwenda. Nikampigia. Akanijibu kwa upole kabisa: "Dada angu, zikidondoka zaidi ujue dawa imeshika. Zinatoka mbovu zinapisha nzima. Ila kichwa chako ni kigumu, ongeza kichocheo." Kichocheo ni 60,000. Nikalipa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana huu uongo umevaa kanzu ya kweli. Minoxidil halisi ina tabia hiyo: wiki za mwanzo baadhi ya watu nywele hutoka zaidi, kisha hutulia. Tapeli huyu ameisoma sehemu, akaigeuza ngao. Ukilalamika, lalamiko lako ndilo linakuwa ushahidi kwamba dawa yake inafanya kazi! Tofauti nimekuja kuelezwa baadaye: kule kupukutika kwa mwanzo hakuambatani na vidonda. Ukiona ngozi inavimba, inatoa maji au inachubuka, hiyo siyo dawa kushika. Unaacha siku hiyohiyo na unakwenda kuonwa.

Jambo la pili analolitegemea ni muda. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, na hizi zetu za kipilipili pungufu kidogo ya hapo. Hata dawa ya kweli unaisubiri miezi minne hivi kabla hujasema lolote. Kwa hiyo akikwambia "vumilia", hujui kama unavumilia dawa au unavumilia wizi. Kaweka na dhamana eti, fedha zinarudi usipoona mabadiliko, ila sharti umalize seti tatu. Hesabu mwenyewe.

Aliyenifumbua macho ni kijana wa duka la dawa, nilikokwenda kununua kitu cha kutuliza muwasho, nikiwa nimezibeba chupa kwenye mkoba. Akazipanga mezani. Kwanza akacheka ile "20%". Akasema minoxidil ya kupaka anayoijua yeye ni ya asilimia 2 au 5, ya maji ni nyepesi kama spiriti, inakauka, na inakuja na kibomba cha kudondoshea, cha kupimia mililita 1. Unadondosha kwenye ngozi iliyokauka, mahali palipopungua, siyo kujimwagia kama mafuta ya nazi. Akanieleza na historia yake: ilianza kama kidonge cha presha, wagonjwa wakawa wanaota nywele wasizozitaka, ndipo ikatengenezwa ya kupaka, na Marekani ikaruhusiwa kwa wanaume wenye upara mwaka 1988. Yule dokta wa WhatsApp yeye aliniambia ni siri ya Wajapani ya miaka elfu.

Kisha akaigeuza chupa, akaniwekea kidole. Imeandikwa imethibitishwa na TFDA, ile Mamlaka ya Chakula na Dawa. Chini yake, imetengenezwa 2024. "Dada, TFDA ilishabadilika kuwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, tangu 2019. Na vipodozi vikahamia TBS, Shirika la Viwango, mwaka huohuo. Huyu kathibitishiwa na nani?" Nikakosa la kusema. Akakwangua stika ya tarehe kwa ukucha, chini yake kukatokea stika nyingine, ya shampuu ya mbwa. Jamani. Shampuu ya mbwa, nimekaa nayo nusu saa kila siku nimejifunga mfuko.

(Na wenye paka, aliniambia hili: minoxidil ya kweli ni sumu kwa paka, hata akilamba kidogo tu kwenye mto wako. Hapa Tanga paka analala kila mahali, basi nimelitia.)

Kwa daktari wa ngozi sikukaa sana, ila zile dakika kumi zilikuwa na maana kuliko miezi yote ya sauti za WhatsApp. Vidonda vilikuwa ni ngozi kuungua na kukataa kile nilichopaka. Nywele za baada ya uzazi, akasema, kwa wengi huanza kutoka mtoto akiwa na miezi miwili mpaka minne, na hurudi zenyewe bila dawa, kwa kawaida ndani ya mwaka. Nikajiuliza basi: wale wanaotoa ushuhuda kwenye ukurasa wake, "nilijifungua, nikatumia seti, zimerudi", si zingerudi hata wangepaka uji? Na minoxidil yenyewe, hata ile nzuri, mama mwenye mimba au anayenyonyesha hajiwekei bila kuulizia kwanza. Huku mbele ni kazi ya rasta. Nikiendelea kuzibana, mizizi itakufa na mahali patabaki laini moja kwa moja. Hapo hakuna chupa ya mtu yeyote itakayorudisha.

Kuhusu shampuu niliuliza pia, maana nilishaamini kwamba kadiri unavyosugua ndivyo zinavyoota. Shampuu kazi yake ni kusafisha. Iko ya ketoconazole, ya mba, ambayo huiacha dakika 3 mpaka 5, mara mbili kwa wiki, kisha unasuuza. Inatuliza mba na muwasho, basi. Na mapunye ya watoto hayaponi kwa shampuu peke yake, yanataka vidonge. Nasema kwa sababu huyu bwana ameanza kuwauzia kina mama "seti ya watoto" kwa 45,000.

Sasa hivi nimekata zote, kipilipili cha kawaida. Naosha mara moja kwa wiki kwa shampuu laini, nakausha kwa kugandamiza taulo, nasuka mabutu makubwa yasiyovuta. Huu ni mwezi wa nne nafanya hivi. Pembeni zimeanza kuchomoza tuvinywele kama vya kifaranga, upande wa kushoto zaidi. Wa kulia bado.

Mkitaka kununua dawa yoyote ya kichwa, nendeni kwenye duka la dawa lenye mlango na mtu wa kumrudia. Mpeni jina lililo kwenye boksi alitafute kwenye orodha ya dawa zilizosajiliwa, ipo kwenye tovuti ya TMDA, hata wewe unaweza kwa simu. Boksi lisilo na jina la mtengenezaji wala namba ya toleo, rudisha. Mtu anayekuuzia bila kukuuliza una mimba au unanyonyesha, mkimbie hata kama kavaa koti jeupe. Mimi nimepeleka taarifa polisi nikiwa na meseji za malipo, na chupa nimezikabidhi TMDA, kwa hiyo kama na wewe umelizwa usitupe chupa wala usifute sauti zake. Tukiwa wengi taarifa inakuwa nzito.

Alinibloku siku niliyomtajia TFDA. Jumatatu iliyopita shoga yangu yuleyule kanionesha ukurasa mpya, jina jipya, chupa sasa ni za kijani na bei imepanda hadi 110,000. Picha ya kabla na baada ni ileile. Safari hii nikaikuza kwenye simu, nikaangalia nyuma ya yule mwanamke. Ukutani kuna kalenda. Kwenye picha ya kabla iko mwezi Machi. Kwenye picha ya miezi sita baadaye iko Machi, mwaka uleule, na kwenye kona ya meza kikombe cha chai hakijanyanyuliwa.